Mwanafunzi wa Shamba Namba Saba

Jumatatu ya wiki ya pili ya Septemba, saa moja na nusu asubuhi, Anorgul mfagizi alilikuta gunia la pamba mbele ya mlango wa Kitivo cha Lugha, limeegemea ukuta kama mgeni aliyefika mapema akakuta wenyeji wamelala. Lilikuwa na umande. Alilisukuma kwa mguu apate nafasi ya kupitisha tambara, akapiga deki kulizunguka, kisha akaenda kumwita Zulayho, katibu wa kitivo, aje na mizani.

"Leo limelowa," Anorgul alisema. "Mwambie msichana wako awe anaianika pamba kwanza. Nimepiga deki mara mbili hapa."

"Mwambie mwenyewe."

"Nimwambie mimi kama nani? Mimi si wa kitivo. Mimi ni wa majengo."

Zulayho alilitundika gunia kwenye ndoano ya mizani. Kilo kumi na nne. Zilikuwa kumi na nne juzi, na mwaka jana, na mwaka wa nyuma yake. Aliziandika kwenye daftari la kijani, akatia sahihi, na vijana wawili wa mwaka wa pili wakalibeba gunia hadi stoo, ambako pamba hiyo hutumiwa kujazia magodoro ya bweni la wasichana. Magodoro hayo yanasifika mkoa mzima kwa ulaini. Wasichana huyalalia usingizi mzito, na asubuhi huamka migongo ikiwauma kama watu walioinama kutwa. Wamezoea. Mwaka wa kwanza hulalamika kidogo, wa pili hunyamaza.

Gunia hilo lilitoka kwa Gavhar, wa mwaka wa kwanza, kundi la 104, ambaye alifariki mwezi wa Oktoba mwaka 1987.

Siku hiyohiyo kabla ya chakula cha mchana Zulayho aliitwa na Mkuu wa Chuo, Profesa Qadamboev. Chuo kilikuwa kinatimiza miaka tisini na kitabu cha maadhimisho kilikuwa kinaandaliwa, chenye picha za rangi na jalada gumu. Profesa alimwomba aandike sura ya kwanza, Historia na Muundo wa Chuo, kwa sababu yeye ndiye aliyebaki anayejua kila jalada limelala wapi.

Haikuwa kazi ngumu. Chuo chetu kilianza kama kozi ya walimu ya miezi sita, ndani ya nyumba ya mfanyabiashara wa hariri ambaye alikuwa amehamishwa ghafla na hakupewa muda wa kuchukua viwavi wake. Walimu walifundisha herufi katika chumba cha kwanza, na viwavi wakatafuna majani ya mforosadi katika chumba cha pili, na yasemekana viwavi ndio waliomaliza kozi kwanza. Tangu hapo herufi zimebadilishwa mara mbili kwa amri, na kila mara wasomi wote wa mkoa waliamka asubuhi wakiwa hawajui kusoma. Kozi ikawa Taasisi ya Ualimu. Mwaka wa tisini na mbili taasisi ikawa Chuo Kikuu cha Mkoa, shughuli iliyochukua fundi mmoja, ngazi moja na kibao kipya. Kina vitivo vinane, idara thelathini na tano, mabweni matatu, na kimepata wakuu kumi na mmoja, kila mmoja akipaka lango rangi anayoipenda yeye, hivi kwamba lango sasa ni nene kuliko ukuta.

Jambo moja halikubadilika kwa miaka zaidi ya sabini. Kila mwaka, Septemba ilipofika katikati, chuo kilikuwa hakipo. Kilikuwa shambani. Mwanafizikia na mwanahistoria walilala bega kwa bega kwenye majani makavu, maprofesa walibishana juu ya ubora wa ndoo, na hakuna aliyefungua kitabu hadi theluji ya kwanza ianguke juu ya pamba iliyosalia. Zulayho alipiga hesabu akakuta kwamba shahada ya miaka mitano ilikuwa na miezi kumi na mitano ya kuchuma pamba, ila pamba haikuandikwa kwenye cheti. Aliliandika hilo katika sura yake, kwa lugha ya adabu.

Miaka michache iliyopita ilitoka amri kutoka mji mkuu, Tashkent, kwamba mwanafunzi asipelekwe tena shambani. Malori yaliuzwa. Watu wote walirudi darasani, na mwezi wa Oktoba, kwa mara ya kwanza, chuo kilijaa wanafunzi ambao hawakujua wafanye nini na mwezi wa Oktoba. Gavhar peke yake hakurudi, kwa sababu hakuna aliyemwita.

*

Kambini utaratibu ulikuwa hivi. Jua likishuka, mwalimu wa zamu alisimama kwenye ngazi ya lori, akafungua daftari la mahudhurio la kitivo, lile lenye muhuri, akasoma majina. Aliyesomwa aliitika "nipo", akapanda. Ambaye hakusomwa hakupanda. Lori lilibeba walioandikwa tu, na aliyeondoka shambani bila kusomwa alihesabiwa kuwa ametoroka, na barua ikaenda kazini kwa baba yake. Baba yake Gavhar, Bekturdi, alikuwa mtu wa reli, kazi yake kufungulia treni njia. Mara moja tu binti yake alichelewa kurudi kambini kutoka likizo ya siku mbili, na Bekturdi alisimamishwa mbele ya wenzake karakana nzima, kofia mkononi, akaulizwa analea mtoto wa namna gani. Gavhar alisimuliwa habari hiyo. Hakuchelewa tena.

Siku ile ndege ya kunyunyizia mipamba dawa ya kupukutisha majani ilipita juu ya Shamba Namba Saba wakati wanafunzi wamo kwenye mistari. Halikuwa jambo geni. Watu walijifunika vitambaa vya kichwa, wakaendelea. Gavhar alianguka kabla ya saa sita. Trekta lilimpeleka zahanati, na saa nane hivi akafariki, mkanda wa mfuko wa pamba ukiwa bado kiunoni.

Saa tisa Amidi wa kitivo alifika kambini. Hakuwa mtu mbaya. Alilia kidogo, akajifuta, akamwita Zulayho, ambaye wakati huo alikuwa na miaka ishirini na miwili, katibu mpya mwenye mwandiko mzuri.

"Mwanafunzi hafi shambani," Amidi alimwambia. "Sikiliza, mwanangu. Mwanafunzi huacha masomo."

Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamsomea, naye akaandika: Mimi, Bekturdieva Gavhar, naomba kuacha masomo kwa hiari yangu mwenyewe, kwa sababu za kifamilia. Tarehe ilirudishwa nyuma siku mbili. Amri namba 212 ikapigwa chapa jioni ileile. Zulayho akachukua rula na kulipitishia mstari jina la tisa katika daftari, mstari ulionyooka sana, maana alikuwa hodari wa mistari. Wakati wa kusoma majina, mwalimu wa zamu alitoka la nane akaenda la kumi.

Gavhar alizikwa kesho yake, kama ada. Siku ya tatu alikuwa shambani, kwenye mstari wake, anachuma. Wenzake walimsalimia. Mpimaji wa pamba alimwambia amekonda. Jioni alisimama na wengine nyuma ya lori, akasikiliza majina yote, na lake halikusomwa, basi akarudi kwenye mstari. Aliyewaza kumpandisha kwa siri alikuwepo, lakini Gavhar mwenyewe alikataa. Alikuwa mwanafunzi mwenye nidhamu.

Mama yake, Roziya, alikwenda kulitazama kaburi akaliona limebonyea, udongo umekaa kwa wepesi kama kitanda ambacho hakijalaliwa, akaelewa. Tangu hapo kila Jumapili ya vuli hupanda basi na mkate wa moto uliofungwa kitambaani. Gavhar hauli, ila huunusa.

"Umezidisha habasoda, mama."

"Habasoda haizidi. Nusa, unyamaze."

Bekturdi alifariki mwaka wa tisini na sita, kifua. Roziya hakumwambia binti yake. Kwetu aliye mbali kwa masomo hapelekewi msiba. Husubiriwa afike nyumbani, avue viatu, anywe chai, ndipo aambiwe. Familia zimewahi kuficha kifo cha mzazi mihula miwili mizima, mtoto asije akafeli mtihani. Gavhar alipouliza hali ya baba, Roziya alijibu kwamba yuko kazini, zamu zimekuwa nyingi. Miaka ishirini na saba zamu zilikuwa nyingi.

*

Jumatatu ile, Zulayho alipokuwa anaaga ofisini kwa Profesa Qadamboev, Mkuu huyo wa Chuo aliongeza jambo, kwa furaha.

"Na malizia sura yako na jengo jipya, dada Zulayho. Kitivo chenu hatimaye kinapata jengo. Ghorofa nne, madirisha ya vioo viwili. Tumepewa Shamba Namba Saba. Mashine zinaingia Novemba."

"Na Gavhar?"

"Gavhar yupi?"

"Wa magunia."

"Aa." Profesa alifikiri kwa uungwana. "Huyo lakini si wetu, dada. Aliacha masomo. Hata hivyo tunamshukuru. Mtilie sentensi moja, pale kwenye mchango wa jamii."

Jioni Zulayho alikwenda kwa Roziya, mtaa wa reli, nyumba yenye mzabibu uani. Roziya alikuwa na miaka sabini na sita na moyo uliokuwa ukipiga unapokumbuka. Alisikiliza habari ya jengo hadi mwisho, akammiminia mgeni chai ya kijani nusu bakuli, kama heshima inavyotaka.

"Mimi siombi fidia wala sanamu," alisema. "Wakishamwaga zege, mwanangu atabaki chini yake au juu yake, sijui, ila nyumbani hatakuja tena. Nataka aje alale mahali pake. Nami nilale ubavuni. Nafasi nimeshaiacha. Tena wewe ndiye uliyemfuta."

"Ndiyo, mama."

"Basi mwandike."

Zulayho alimwandika. Jumapili walipanda basi wote wawili, na daftari la mahudhurio la mwaka huu ndani ya mfuko wa plastiki. Shamba lilikuwa limeshavunwa na mashine, limebaki miti mikavu ya mipamba, isipokuwa mstari mmoja katikati, mweupe, uliojaa. Gavhar alikuwa ameinama humo na kitambaa chake cha buluu. Alikuwa na miaka kumi na minane.

"Ee, dada Zulayho," alisema, akimtazama juu hadi chini. "Kumbe ofisini mnapewa nyama, sisi tunapewa supu ya makaroni. Juzi tu ulikuwa fito."

"Tutakula nyama wote ukishuka mjini."

"Nani kasema nashuka?"

Zulayho alifungua daftari. Alisoma majina ya kundi la 104 kwa mpangilio wa zamani, kwa kichwa, kwa sababu alikuwa hajawahi kulisahau hata moja: watu ambao sasa ni mababu, wawili wako Urusi kwenye vibarua, wanne wamekufa kifo cha kawaida. Alipofika la tisa alilisoma kama mengine, bila kupaza wala kushusha sauti. Mikono ya Gavhar ilisimama.

"Nipo," alisema.

Akafunga mdomo wa mfuko wake. Akapiga hatua mbili kutoka kwenye mstari, na Roziya akafungua mikono yake, kitambaa cha mkate kikaanguka. Kisha Gavhar alisimama, akachungulia daftari.

"Mbona niko chini kabisa, na kwa wino mwingine?"

"Umerudishwa."

"Aliyerudishwa huwa na namba ya amri pembeni. Amri namba ngapi?"

Zulayho hakuwa na namba. Angeweza kutaja yoyote. Alifikiri 318, alifikiri 40. Lakini alikuwa ameshamwandikia msichana huyu uongo mmoja, na wa pili haukutoka.

"Nitakuletea," alisema.

"Basi mimi nachuma ninapokungoja." Gavhar alirudi kwenye mstari. "Msiniletee balaa, dada. Nikipanda bila amri, wewe watakukaripia, baba yangu watamsimamisha tena na kofia yake. Unamjua baba. Safari ile hakula siku tatu."

*

Profesa Qadamboev alimpokea kwa chai, zabibu kavu na lozi. Alimweleza kwa upole kwamba amri haifutwi hivihivi. Amri 212 imesimama juu ya ombi la mwanafunzi mwenyewe. Ili ianguke, lazima ombi lianguke.

"Ombi niliandika mimi," Zulayho alisema. "Mkono huu."

Profesa alichagua lozi moja, hakuila.

"Dada Zulayho. Unastaafu majira ya kuchipua. Ukiyasema hayo kwa maandishi, umeghushi waraka wa serikali, na mimi nitalazimika kukupeleka kwa mwendesha mashtaka. Mimi sipendi. Mke wangu ulimfundisha kupiga chapa. Kwa hiyo sijasikia. Kunywa chai, inapoa."

"Naomba uyasikie."

"Inapoa, dada."

Aliinywa, maana kukataa chai ni ufidhuli, kisha akashuka masijala akaandika ungamo la ukurasa mmoja, kwa mwandiko uleule mzuri, wenye mistari iliyonyooka. Karani wa masijala alilisoma, akauliza kama ana hakika, akaligonga muhuri wa kupokelewa. Baadaye karani huyo alisema kwamba alipoligonga, alisikia harufu ya dawa iliyonyunyizwa na ndege shambani, ile iliyokuwa inafanana na kabichi iliyooza, akafungua dirisha, akaendelea na barua nyingine.

Barua yenye muhuri haiwezi kutosikika. Tume ya watu watatu iliundwa: mwanasheria wa chuo, mkuu wa Idara ya Isimu, na mama mmoja wa Kamati ya Wanawake. Tume iliamua, kwa haki kabisa, kwamba kwa kuwa mhusika yupo na anafikika, aulizwe mwenyewe.

Zulayho alijua hapo ndipo palipokuwa na hatari. Alikwenda kwa Roziya kabla ya siku hiyo.

"Mama, akiulizwa aseme kweli. Lakini hatasema kweli kama bado anamwogopea baba yake. Mwambie."

"Nimwambie shambani? Kasimama, na viatu mguuni, hajanywa hata chai?"

"Hakuna namna nyingine."

Roziya alikuwa anashona mto. Akakata uzi kwa meno.

Siku ya tume walitangulia saa moja mapema. Roziya alivaa nguo ya msibani, ya buluu iliyokoza, akaingia kwenye mstari, akamshika binti yake viwiko.

"Mwanangu, baba yako amefariki."

Gavhar alimtazama, akaitazama ile nguo, kisha akacheka, kicheko cha msichana wa bwenini, akauziba mdomo kwa ncha ya kitambaa.

"Mama, hata wewe? Na nguo umevaa. Bibi yake Nazokat wa kundi letu ameshakufa mara tatu tangu kampeni ya pamba ianze, na mara zote tatu amekuja mwenyewe kumchukua, na telegramu ya kifo chake mkononi. Mpimaji anamsalimia, 'Shikamoo marehemu.'"

"Mimi sikudanganyi. Amefariki. Kifua kilimwua. Mwaka wa tisini na sita."

"Na tarehe hamkuipanga vizuri." Gavhar alimpangusa mama yake machozi kwa kiganja chenye mikwaruzo ya pamba. "Usilie, utawatia watu mashaka. Unafanya vibaya sana, mama, hujui kudanganya. Jumapili tu umeniambia yuko zamu."

Roziya alitoka kwenye mstari akaenda kukaa ukingoni mwa mtaro.

"Nimeficha miaka ishirini na saba asiumie," alimwambia Zulayho. "Leo nasema kweli, na mwongo ni mimi."

Zulayho alimfunika mabega kwa shali yake. Akakaa naye.

Tume ilifika na mabuti ya mpira. Walimsalimia Gavhar, wakamwuliza kama anapata maji, mama wa Kamati ya Wanawake akamsifu kitambaa chake. Mwanasheria akatoa ombi la mwaka 1987 ndani ya faili ya plastiki.

"Hili uliliandika wewe?"

Gavhar alilisoma polepole. Alisoma kwa hiari yangu mwenyewe, alisoma sababu za kifamilia, na ilionekana wazi kwamba analiona kwa mara ya kwanza. Akawatazama watu watatu wenye tai na mabegi. Akamtazama mama yake katika nguo ya msibani, aliyekuja kudanganya na sasa yuko palepale hadharani, na akamtazama Zulayho, ambaye mwandiko wake ulijulikana na kitivo kizima. Alipiga hesabu ya nani ataadhibiwa, kama alivyozoea.

"Niliandika mimi," alisema.

"Kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu."

"Gavhar," Zulayho alisema.

"Nyamaza, dada," Gavhar alimnong'oneza, bila kumgeukia. "Nishamaliza. Hamtaguswa."

Mwanasheria alimshukuru kwa ushirikiano. Mkuu wa Idara ya Isimu aliomba kuchuma vitumba viwili kwa kumbukumbu ya ujana wake, akaruhusiwa.

*

Taarifa ya tume ilikuwa na nusu ukurasa. Ilisema kwamba mhusika amethibitisha uhalisi wa ombi lake, kwamba amri 212 inabaki kama ilivyo, na kwamba ungamo la katibu linatokana na uchovu wa miaka mingi ya utumishi uliotukuka. Zulayho alipewa cheti cha heshima, joho la mistari na chupa ya chai, akastaafu miezi mitano kabla ya wakati, kwa hiari yake mwenyewe. Ombi lilikuwa limeshaandikwa. Alitakiwa kutia sahihi tu. Kitabu cha maadhimisho kilitoka kikiwa na sura yake, pungufu ya kurasa mbili. Ndani yake chuo kinaanza na viwavi na kuishia na jengo la ghorofa nne, na vuli zote zimeondolewa.

Mashine ziliingia Novemba. Mtu wa buldoza alimzunguka Gavhar kama mtu anavyozunguka jiwe lenye mizizi. Zege lilipomwagwa alisogea kando, likakauka, akarudi. Kuta zilijengwa zikampita pande zote mbili. Roziya aliendelea kwenda Jumapili, akipita katikati ya mchanga na nondo, na walinzi wakamvalisha kofia ya ujenzi, kwa usalama wake. Alifariki mwezi wa Februari, siku ya theluji nyembamba, na akazikwa ubavuni mwa lile kaburi jepesi. Gavhar hajaambiwa. Yuko masomoni.

Sasa jengo limefunguliwa. Ukumbi namba moja una viti mia moja na ishirini, na mstari wa mipamba unapita katikati yake kutoka mlangoni hadi kwenye ubao. Mafundi walibadilisha mbao za sakafu mara mbili, kisha wakakubali, wakaacha ufa ulionyooka na kuuzungushia bati la kung'aa, watu wasijikwae. Zimamoto walikagua wakapitisha. Gavhar huchuma humo asubuhi hadi jioni, na wanafunzi wa kwenye njia huinua miguu anapopita, wakiendelea kuandika. Ameshasikia mihadhara yote ya mwaka wa kwanza. Wakati mwingine mwalimu akikwama kwenye shairi la kale, humalizia ubeti kwa sauti ndogo, akiwa ameinama, na mwalimu hushukuru. Magunia ni kilo kumi na nne. Hayaendi tena mbele ya mlango wa katibu, yanakaa palepale, na Anorgul anasema hilo angalau limekuwa afadhali.

Zulayho huja Jumapili kwa basi, na mkate. Hajui kuoka kama Roziya. Gavhar huunusa na kuuliza mama yuko wapi, naye humjibu kwamba magoti yanamsumbua, ngazi za jengo hili ni nyingi.

Siku za kazi, saa mbili kamili, mwalimu hufungua daftari na kusoma majina. Vijana huitika mmoja mmoja, nipo, nipo, wengine na usingizi, wengine wakiwaitikia wenzao ambao hawajafika. Gavhar hunyooka, mkono kiunoni, mwingine umeshika mdomo wa mfuko usifunguke. Husikiliza hadi jina la mwisho. Daftari likishafungwa, huinama.